Siku yangu moja kliniki ya wazee Nakuru: kuongeza dawa rahisi, kutoa ndio kazi

Saa 11 na nusu alfajiri. Alamu inalia, mtaani Free Area baridi ni ile ya Julai, naoga kama mtu anafukuzwa. Chai, mkate, matatu. Konda anasema tusonge, tunasonga. Hapa hakuna stori.

Saa 2 kasoro. Jumanne ndio siku ya wazee wa presha na sukari. Hospitali sitaitaja. Faili 43 mezani na tuko madaktari wawili, kwa hivyo kila mzee anapata dakika chache za kupimwa, kuulizwa hali, na mimi kuandika "endelea na dawa zile zile". Aki hayo maneno nimeyaandika kuliko jina langu.

Saa 3. Anaingia shosh wa kutoka Bahati, miaka 78, ameshikwa mkono na mjukuu. Ameanguka mara mbili mwezi huu, ya pili kwa mlango wa jikoni. Nikamwambia shosh nionyeshe dawa zote, si za huku peke yake, akatoa kwa kiondo mkebe wa Blue Band umejaa hadi kifuniko kinakataa kufunga. Nikamwaga mezani, aina 9.

Faili zingine zikangoja. Nikauliza moja moja, hii ilianza lini, nani alikupa, ya nini, na ikatokea kila kitu kilianza na goti. Goti lilimuuma, chemisti wakampa diklofenaki, ikamsaidia akaendelea kununua. Diklofenaki inachoma tumbo, akaandikiwa omeprazoli. Diklofenaki pia inapandisha presha, na huku kliniki hatukujua anaimeza, tukaona presha imepanda tukamtoa amlodipini ya 5 tukampeleka 10. Amlodipini ya 10 ikamvimbisha miguu, mtu akaona miguu akaandika furosemidi ya kutoa maji. Shosh anameza hiyo ya maji jioni, usiku mzima yuko njia ya choo, usingizi hakuna, chemisti wakampa Piriton alale. Piriton kwa mtu wa umri huo inachanganya kichwa na kumlegeza, akaamka usiku kukojoa, akaanguka. Dawa nne na nusu, zote mama yao ni goti moja! Na diklofenaki ukichanganya na furosemidi na losartani ya presha anayotumia, figo ndio zinalipa, na figo za miaka 78 hata bila sisi zimeshachoka.

Sasa hapo ndipo kalamu yangu hukwama. Nikiongeza dawa na mgonjwa azidiwe, watu watasema ugonjwa umemzidi. Nikitoa dawa na wiki ijayo apate stroki, ni mimi. Hakuna siku nimeulizwa mbona uliongeza. Tena chuo nilikaa miaka 6 nikifundishwa kuanzisha dawa, kusimamisha sikumbuki hata kipindi kimoja.

Nikatoa diklofenaki na Piriton. Goti tukalipatia parasetamoli na mafuta ya kuchua. Amlodipini na furosemidi nimeziacha wiki mbili nione presha itashuka vipi bila diklofenaki, ukitoa zote siku moja hujui gani imefanya nini. Ila ile ya maji nimemwambia ameze asubuhi.

Ikabaki aspirini, ya kuzuia damu kuganda. Hiyo alianzishiwa na daktari bingwa, na kufuta mwandiko wa bingwa ni kama kumkatiza mzee akiongea. Lakini shosh hajawahi pata stroki wala shida ya moyo. Ule utafiti wa ASPREE wa 2018 uliangalia wazee wenye afya 19,114 wa Australia na Marekani, aspirini ya kila siku haikuwaongezea miaka ya afya, iliongeza kutokwa damu. (Aliyewahi kupata stroki au mshtuko wa moyo ni mambo mengine kabisa, usiende kutupa aspirini ya babako juu umenisoma.) Nikampigia bingwa, nimejiandaa kugombezwa. Akasema, "Toa. Kwani bado anaimeza?" Dakika mbili. Miezi yote hiyo kila mtu alikuwa anaogopa simu ya dakika mbili, mimi nikiwa mmoja wao.

Saa 6. Diklofenaki ikitoka, omeprazoli pia itapungua, nikarudi kwa faili kutafuta nani aliianzisha nimlaumu vizuri. "Wiki 8, kisha aache." Mwandiko ni wangu. Miaka miwili imepita. Nimefunga faili polepole.

Saa 7 kasoro. Mzee wa Kaptembwo, miaka 81, anatokwa jasho usiku na kuongea ovyo, nyumbani wanasema ni malaria. Sukari 3.1, imeshuka sana. Anakula kidogo na bado yuko kwa glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari ambayo iko kwa ile orodha ya Beers, daktari Mmarekani aliyeanza 1991 kuandika dawa za kuepuka kwa wazee. Tukampa chai ya sukari nyingi kwanza. Mwenzangu akachungulia akasema lakini sukari yake imekuwa ikikaa chini vizuri, mbona uiguse? Chini vizuri ndio shida yenyewe, kwa mzee kama huyu afadhali sukari iwe juu kidogo kuliko azimie usiku. Nikafuta. Kijana wake akaniangalia. "Daktari, mnampunguzia dawa juu ni mzee? Mmechoka na yeye?" Hiyo iliniuma. Nikamweleza mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu babake mwenyewe akasema, "Wacha daktari afanye kazi."

Saa 8. Chapo madondo, nimesimama.

Saa 9 hadi 11. Faili zilizobaki. Nyingine nimeandika "endelea na dawa zile zile", sitadanganya, mtu alikuwa na aina 7 na watu bado wamejaa kwa benchi.

Saa 3 usiku. Mjukuu wa shosh anapiga. Shosh hakubali kulala bila kile kidonge cha njano, Piriton, na zile nilizotoa amezirudisha kwa mkebe, ati ni pesa ya mtoto wake. Nikaomba nimsikie. "Daktari wangu, na nikikosa usingizi nifanye nini?" Nikamwambia, shosh, nipigie mimi.

Saa 5 na dakika 20 simu inalia. Ni yeye.