Siku mia na ishirini

Leo baada ya darsa la wanawake hapa Wete nilimsubiri Shehe wetu mlangoni, nikamuuliza kuhusu seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine mwilini. Mtoto wa dada yangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yakimshika hung'ang'ania ukingo wa kitanda, nasi tunamkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu mpaka adhana ya alfajiri. Dada kasikia seli hizo zinatibu, anataka kujua kama ni halali.

Zikitolewa kwenye uboho wa mifupa ya ndugu yake hakuna tatizo, alisema Shehe, maana mtoaji hadhuriki. Na kweli Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wenye selimundu wameanza kupandikizwa uboho tangu 2023. Nikamwambia suali langu hasa ni la kiinitete, yaani mimba ikiwa changa kabisa. Tangu 1998, watafiti walipofanikiwa kuziotesha kule Wisconsin, Marekani, kuna seli shina zinazotolewa kwenye kiinitete cha siku kama tano kilichotungwa maabara, nacho huharibiwa.

Akanisomea Hadithi ya Ibn Mas'ud: siku arubaini tone, arubaini pande la damu, arubaini pande la nyama, kisha malaika hutumwa kupuliza roho. Akaongeza kuwa Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 2003 liliruhusu kutumia viinitete vilivyobaki kwenye matibabu ya uzazi, wazazi wenyewe wakiridhia, likakataza kutoa mimba kwa ajili hiyo.

Hesabu ya siku 120 naijua. Miaka sita nyuma mimba yangu ya wiki tisa iliharibika, nikaambiwa hayo hayo: usilie, bado hakijatiwa roho. Yalinifariji, wallahi. Lakini mama mkwe hakusema neno. Alichana kipande cha bafta, akakifunga kile kidogo kilichotoka, akachimba kwa mkono wake chini ya mkarafuu nyuma ya nyumba. Hakikusaliwa wala hakikupewa jina. Ila hakukitupa.

Imam Ghazali, ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafii, amesema tone likishatulia tumboni kuliharibu ni kosa, na kosa huzidi kadiri mimba inavyokua. Shehe alinikumbusha kuwa kiinitete cha maabara hakijatulia tumboni, nami sina hoja ya kumrudishia. Vilivyobaki, ambavyo vingemwagwa tu, naweza kuvikubali. Kuviumba makusudi ili vivunjwe, siwezi, hata kwa ajili ya mtoto wetu. Mtafiti Yamanaka wa Japani ameonesha tangu 2007 kwamba seli ya ngozi ya mtu mzima hurejeshwa ikawa seli shina. Basi dharura iko wapi?

Baada ya isha nikampigia dada. Nimemwambia uboho ni halali, tuanze kwa kumpima kaka mtu. Mwenyewe ana miaka kumi na moja, alikuwa karibu na simu akisikiliza. Akauliza kama sindano inauma. Nikamwambia inauma. Akasema atakwenda.