Kuhani wangu havai deraya

Mimi shida yangu na kuhani wa Dungeons & Dragons, lile gemu la mezani la kuigiza wahusika kwa dadu, ni kuwa yule si kuhani, ni askari mwenye dua mfukoni. Fungua kitabu cha toleo la tano uone, deraya, lile vazi la kinga ya vita, anavaa, ngao anabeba, uhai wake unaongezeka kwa dadu ya nyuso 8 kila levo, yani kila ngazi anayopanda, alafu juu ya hapo anaponya, anashusha moto na anafukuza wafu, yani mpiganaji asipokuja siku hiyo hakuna anayeshtuka. Na ukifuata asili yake unaelewa. Gemu lilitoka 1974 lakini huyu mtu alishazaliwa kabla ya hapo kwenye meza ya Dave Arneson, mmoja wa wawili waliolitunga, kule Minnesota, Marekani, kulikuwa na mchezaji mhusika wake kageuka vampaya, jina Sir Fang, akawa hashikiki, basi ikabidi atafutwe wa kumdhibiti. Huyo ndiye kuhani, akapewa rungu, akakatazwa silaha za makali, na kwenye zile sheria za mwanzo kuhani wa levo ya kwanza hana hata muujiza mmoja! Sasa mwinda vampaya ni kazi nzuri sikatai, ila ukuhani ni kitu chengine.

Basi ndio nikaanza kujitungia wangu, tunamchezea hapa hapa Lamu, darini kwa jamaa yetu mmoja Mkomani, tukishatoka isha. Sheria ya kwanza hana deraya wala ngao, dadu ya uhai ni ya nyuso 6 sawa na mchawi. Sheria ya pili haponyi kwa mbali. Hii watu walinuna sana, manake wamezoea ule muujiza wa kumponya mtu kwa neno tu kutoka futi 60, mwenzio anaanguka unamuita anainuka, anaanguka tena unamuita tena, hakuna anayeogopa kitu. Kwangu lazima umguse mgonjwa kwa mkono. Yani huyu mtu mwepesi asiye na kinga inabidi aingie kati kati ya panga, na hapo sasa ndio wenzake wanaanza kujipanga kumfungulia njia badala ya kila mtu kukimbilia zimwi lake.

Dini ya kweli sikuitia mezani, na sitaitia. Huu mji una maulidi yake na mashekhe wake, na mamake huyo jamaa yetu alishasikia mara moja mtu anapiga kelele "nawaita wafu!" akapanda ngazi kuja kutazama ni nini kinaendelea huko juu. Kuhani wangu anatumikia bahari ya nchi ya kubuni na mambo yake yote yanaenda na maji.

Hapa ndipo nilipokaa sana. Kuhani ana dadu moja ya kawaida ya nyuso 6 inakaa mezani mbele ya kila mtu, tunaiita maji. Vita vikianza anairusha, ikisimama hapo ndipo maji yalipo, alafu anatangaza yanajaa au yanakupwa. Kila raundi inasogea namba moja, ikigonga 6 inarudi chini, ikigonga 1 inapanda. Akiponya anaongeza namba iliyo juu ya dadu, akidhuru anaongeza namba iliyo chini yake, ile iliyolalia meza. Kwa vile nyuso mbili zinazotazamana kwenye dadu siku zote jumla yake ni 7, juu ikiwa 5 basi chini ni 2, huhitaji jedwali wala kikokotoo. Maji yakijaa ni tabibu, yakikupwa ni mtu wa kuogopwa, na hawezi kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na adui mwenye akili akiitazama ile dadu anajua ampige lini.

Sasa vita vyenyewe mezani huwa raundi tatu nne vimeisha, kwa hiyo ukianzia kwenye 2 huenda usifike 6 kabisa. Hapo nikaleta mwezi. Mwendesha gemu anahesabu siku za mwezi wa dunia yake, siku za bamvua, yani maji makubwa ya mwezi mwandamo na ule mpevu, dadu inaruka namba mbili kila raundi, siku za maji mafu, yakiwa madogo, inabaki moja. Mtu wa bara ingebidi umchoree picha, kwetu hapa mmoja ambaye kwao ni wavuvi alisikia mara moja tu akaanza kutaka msafara wote usubiri siku tano ndio tuvamie ngome. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mimi nilikuwa nafurahi kimoyomoyo kwa sababu kumbe kuhani sasa ndiye anayepanga safari.

Kitu chengine ninachokipenda ni sharti. Akimponya mtu zaidi ya nusu ya uhai wake, lazima ampe sharti moja la kushika mpaka bamvua lijalo: asile samaki, asivuke maji usiku, asiseme uongo. Ukilivunja uhai uliopewa unakutoka wote papo hapo. Mwizi wetu, yani mwenzetu anayecheza kama mwizi, alipewa la uongo. Mwizi! Kikao kizima kilichofuata anajibu maswali ya mlinzi wa lango kwa kunyamaza na kukohoa, na kuhani mwenyewe anacheka tu pembeni. Mganga gani anakutibu bila miiko bwana.

Badala ya alama takatifu nimempa siwa, lile baragumu kubwa, nimeiba wazo kwa zile mbili maarufu, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Anaipuliza mara moja kati ya mapumziko na mapumziko, wafu wanaoisikia wanarudi nyuma, ila na walinzi wa jengo zima nao wameisikia, hilo sikuliondoa hata walipolia.

Nimeandika mpaka levo ya 7. Ya 10 bado inanisumbua, kwenye kitabu cha 2014 kuhani wa pale alikuwa anamuita mungu wake na kurusha dadu ya mia, akipata namba isiyozidi levo yake anasaidiwa, yani kwa levo 10 ilikuwa asilimia 10 tu, mara nyingi unaita hujibiwi. Mimi nataka aweze kusimamisha maji kwenye namba anayotaka vita vizima, na kulipia kwa kujiwekea sharti yeye mwenyewe, la maisha. Yule wa wavuvi anasema hiyo ni kali mno, mwizi anasema apewe hata leo.