Siku moja na nyambizi I-27 mezani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nimetoka msikitini nikaja moja kwa moja karakanani, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu ni kuunda majahazi madogo ya mbao, lakini wiki hii meza yote imetwaliwa na plastiki. Ni nyambizi ya Kijapani, I-27, modeli ya kuunganisha ya kipimo cha 1/350. Ile ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 108.7. Hii yangu ni sentimita 31, na ukiipakata hukaa mapajani kama nguru mdogo.

Aliyeiagiza ni mwalimu mstaafu wa Kilifi. Ami yake alikuwa askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Mapema Februari 1944 walipandishwa meli ya Khedive Ismail pale Kilindini, safari ya Colombo. Hakurudi. Mwalimu anataka kuiona nyambizi iliyowazamisha ikae kabatini mwake, ijulikane ilikuwa ya namna gani. Nilipoisikia habari hiyo sikujadili bei.

Saa moja asubuhi

Jana niligandisha nusu mbili za mwili, ya kushoto na ya kulia, nikazifunga kwa mipira ya raba toka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Leo nafungua. Plastiki ndefu namna hii hutoka kiwandani imejipinda kidogo, na ukiibana kwa nguvu hukutii usiku mmoja, asubuhi inaachana. Hii imeshika, ila karibu na tezi pana ufa mwembamba unaoingia ukucha.

Kwenye mbao ningechukua pamba na mafuta nikakalafati. Hapa nakalafati kwa puti. Nashindilia kwa kijiti cha meno, naiacha ikauke, kisha msasa namba 400, halafu 800, halafu 1200 wa maji. Gundi ya plastiki nayo si gundi kama tuijuavyo. Haishiki vitu viwili, inaviyeyusha vikawa kimoja. Kwa hiyo tone likipita chini ya kidole, alama ya kidole inabaki pale. Mimi nimewahi kuacha dole gumba zima ubavuni mwa meli, nikasugua siku mbili.

Njia ya kujua kama mshono umekwisha ni kufumba macho na kupitisha ukucha. Jicho hudanganywa na rangi ya puti, ukucha haudanganyiki.

Saa tatu

Matundu ya topido, yale makombora yanayokwenda chini ya maji. I-27 ilikuwa nayo sita, yote omoni. Kwenye modeli yamechorwa tu kama vijishimo, nami sikupenda. Topido zile zilikuwa na kipenyo cha sentimita 53, kwa kipimo hiki ni milimita moja na nusu. Nikachukua keekee ya mkono, ile ya kuzungusha kwa vidole, nikatoboa moja moja, polepole, nikipuliza unga. Tundu la nne lilitaka kwenda kombo, nikasimama, nikanywa kahawa, nikarudi. Nimekaa saa nzima na nusu kwenye mashimo sita ambayo mgeni hatayaona asipoinama. Lakini ndiko kifo kilikotoka, na sikutaka pachorwe tu.

Baada ya hapo mabawa ya kuzamia. Ni vipande vya plastiki vyembamba, vidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, vinavyoielekeza nyambizi juu au chini. Nikivishika kwa koleo namkumbuka HMS Paladin. Baada ya Khedive Ismail kuzama, manowari za Kiingereza Paladin na Petard ziliitupia nyambizi mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji, mpaka ikaibuka juu. Paladin akaikimbilia aigonge. Petard akamwashiria aache, akageuka, lakini walikaribiana mno na bawa la I-27 likamchana ubavu. Kipande hiki hiki. Mwishowe Petard alirusha topido saba, moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza.

Saa tano na nusu

Rangi. Huku pwani nangoja jua lipande, kwa sababu rangi za thina ukizipuliza hewa ikiwa na unyevu wa asubuhi huingia ukungu mweupe, na ukungu huo hautoki kwa kufuta.

Praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu kwanza. Ikakauka, ikanionyesha mkwaruzo mmoja chini ya mnara, nikarudi kwenye msasa. Kisha nyeusi. Ila nyeusi tupu siitumii. Kwenye kitu cha sentimita 31, nyeusi tupu humeza kila kitu: matundu ya kupitishia maji, mistari ya sitaha, hata mzinga wa nyuma. Nachanganya nyeusi na kijivu na tone la buluu, napuliza kwa tabaka nyembamba, na kwenye sitaha naongeza kijivu kidogo mahali ambapo miguu ya mabaharia ingepita. Nyambizi za aina hii ziliundwa kubeba ndege ndogo; mlango wa banda lake, mbele ya mnara, nimeufunga. Ndege imebaki sandukuni.

Saa saba nikala wali wa jana na samaki, nikiwa nimesimama.

Saa nane na nusu

Nimevunja periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, kwa mkono wa shati. Nimekata sindano ya kushonea nikaiweka mahali pake. Ni nyembamba zaidi na imenyooka zaidi kuliko ile ya plastiki.

Saa hii ndiyo yenyewe. Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, mchana kama huu, karibu na Maldivi, topido mbili ziliipiga Khedive Ismail. Abiria wengi walikuwa ndani wakitazama tamasha la muziki. Meli ilizama chini ya dakika tatu. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297: askari wetu, mabaharia, na wauguzi wanawake waliotoka Uingereza. Mabomu ya kina yaliyoifuata nyambizi yalilipuka mahali pale pale walipokuwa wakiogelea walionusurika. Hilo ndilo Mwalimu hulisema kwa sauti ya chini kila mara.

Saa kumi alasiri

Kaja mwenyewe, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

Nikamwonyesha nyambizi juu ya kitako cha modeli. Hakuigusa. Aliinama, akaangalia omo, akayahesabu matundu kwa midomo, moja hadi sita. Kisha akauliza, "Na meli yao, kwa kipimo hiki, ingekuwa kubwa kiasi gani?"

Ilikuwa na urefu wa karibu mita 129. Nikapiga hesabu kwenye kipande cha boksi: sentimita 37 hivi. Akanyoosha viganja viwili hewani, akauacha upana huo kwa muda, akiutazama.

"Yao haiuzwi?"

"Sijaipata ya plastiki popote, Mwalimu."

Akaenda zake kabla ya magharibi. Nami nikautoa ubao wa mvule niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya jahazi, nikapima sentimita 37, nikapiga mstari wa penseli. Kesho naanza na omo.