Baa ya Oti ya Baba, na Sukari Iliyonisumbua Miaka Sita

Kwenye kauntabuku la baba kuna ukurasa wenye doa la mafuta, na juu ya doa ameandika kwa herufi kubwa: BAA YA OTI. Mama alipouona mara ya kwanza aliuliza kama hiyo ni baa ya pombe au ni baa la njaa. Baba hakucheka. Aliandika alichokisikia, na jikoni alikokuwa anafanya kazi walikuwa wanasema "baa", yaani kitafunwa cha nafaka ya oti kinachookwa kwenye trei na kukatwa vipande.

Baba alikuwa mpishi. Kuanzia 1985 alipika kwa familia moja ya Wamarekani Oysterbay, sisi tukiwa tunakaa Temeke. Mwenye nyumba alikuwa mama wa kutoka Wisconsin aliyependa kuoka kwa mikono yake mwenyewe. Baba anasema hiyo ilikuwa shida na neema: shida kwa sababu alichafua jiko zima, neema kwa sababu hakuficha kitu. Alipima, akataja kwa sauti, baba akaandika.

Kilichotufikia sisi watoto ni pembe. Trei ikishapoa, yule mama alikata kingo zote nne ili vipande vya wageni viwe vimenyooka, na kingo zile baba alizifunga kwenye gazeti, akazitia mfukoni mwa koti. Akifika nyumbani saa mbili usiku tulimvamia mfuko kabla hajaketi. Kwa nje ngumu kidogo, kwa ndani zinanata. Ukivuta inarefuka kwanza ndipo inakatika. Zabibu zilikuwa zimeng'ang'ania gazeti, na ukizibandua zilikuja na wino. Nimekula habari nyingi za gazeti la Uhuru kabla sijaweza kuzisoma. Na enzi zenyewe sukari ilikuwa ya foleni na ya mgao, kwa hiyo kitu kitamu kilikuwa kitamu mara mbili.

Sasa mimi ni mwalimu wa hesabu, naishi Morogoro. Miaka sita iliyopita macho ya baba yalianza kuingia ukungu, akanikabidhi kauntabuku lake na maneno matatu tu: "Usilipeleke kwa watu." (Baba, nisamehe.) Wiki ileile nikaoka baa ya oti.

Nianze na aibu ndogo. Ukurasa unasema MOTO 350. Oveni yangu ya mezani inaishia 250. Nikasema basi, nitaweka mwisho kabisa, na pale panapopungua nitaongeza dakika. Mwalimu wa hesabu! Juu ikawa mkaa, katikati uji. Oveni ya Oysterbay ilihesabu kwa Farenhaiti, na 350 ya kule ni kama 177 ya kwetu. Hilo nililigundua siku hiyohiyo na sikumwambia mtu.

Lakini hata nilipoweka moto sahihi, baa zilitoka zikimomonyoka. Ladha ilikuwepo: mdalasini upo, zabibu zipo, siagi inasikika. Ila ukitia kisu zinapasuka, na ukitia mdomoni zinageuka unga. Nilizipeleka ofisi ya walimu, wenzangu wakala kwa heshima na kushushia na chai. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye hana breki, akasema, "Kashata hii imekosa nazi."

Nikaanza kushuku kila kitu. Nilishuku oti kwanza, na kidogo nilikuwa na haki. Dukani zipo aina mbili: zile za kuiva haraka, zilizokatwakatwa ndogo, na zile za punje nzima iliyobonyezwa ikawa bapa kama gamba la samaki. Zile ndogo ni nzuri kwa uji wa asubuhi, lakini kwenye kuoka zinayeyukia kwenye unga na hupati kitu cha kutafuna. Nunua za punje nzima. Na usidanganyike na pakiti zinazoandika "shayiri". Shayiri ni nafaka nyingine, tazama picha na uguse kupitia nailoni.

Nikashuku siagi, nikaacha ile laini ya kupaka mkate, maana ina maji mengi na mafuta pungufu, nikanunua siagi yenyewe ya kipande. Harufu ikapanda. Makombo yakabaki palepale. Nikabadilisha unga, nikaongeza yai, nikapunguza yai. Miaka inakwenda hivyo. Siyo kwamba nilioka kila siku, lakini kila likizo niliharibu trei moja au mbili.

Siku moja nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Baba, hapa umeandika sukari ya kahawia kikombe kimoja. Hiyo sukari ilikuwaje?"

Akanyamaza kidogo. "Ilikuwa kama mchanga wa pwani maji yakishakupwa. Ukiishindilia kwenye kikombe ukakipindua, inasimama na umbo la kikombe. Yako inasimama?"

Nikaenda jikoni simu ikiwa sikioni. Nikajaza kikombe sukari yetu ya kahawia ya kila siku, nikaishindilia kwa mgongo wa kijiko, nikakipindua mezani. Ikamwagika yote, chembe zikabingirika mpaka ukingoni, nyingine nikazisikia zinadondoka sakafuni.

"Inamwagika, baba."

"Basi hiyo siyo. Yule mama alikuja nayo kwenye sanduku kutoka kwao. Ikiisha tulikuwa hatuoki mpaka mgeni mwingine aje."

Miaka sita! Na mzee alikuwa nalo jibu kichwani, ila mimi sikuuliza.

Jambo lenyewe liko hivi. Sukari ya kahawia ya Wamarekani ni sukari nyeupe laini iliyochanganywa na molasi, yaani ule urojo mweusi unaobaki kiwandani miwa ikishatolewa sukari. Molasi inashika maji na haiyaachii kirahisi, ndiyo maana sukari ile ina unyevu na inashikana, na ndiyo maana kilichookwa nayo kinabaki kinatafunika hata siku ya nne. Sukari yetu ya kahawia ni punje kubwa kavu zenye ngozi nyembamba tu ya rangi. Kwenye chai haina mpinzani. Kwenye baa ya oti inakupa kashata isiyo na nazi. Na kinachonichekesha ni kwamba niko mkoa wa Morogoro, wenye mashamba ya miwa ya Kilombero na Mtibwa. Nimezungukwa na miwa, halafu nakosa sukari.

Dawa ilikuwa sokoni muda wote: sukari guru. Hiyo ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda, na molasi yake imo ndani kwa sababu hakuna aliyeitoa. Nilikwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, nikamkuta kijana anayo vipande vyeusi kama matofali madogo. Nikauliza bei. Akasogea karibu, akashusha sauti: "Dada, unataka ya kula au ya mtambo?" Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiuliza kama napika gongo. Nikamwambia ni ya kuoka. Akanitazama kuanzia viatu vya ualimu mpaka miwani, akanifungia kilo mbili bila swali la pili. Sijui aliamini lipi.

Sukari guru ina tabia zake. Usiitie kavu kwenye unga, itabaki mabonge. Mimi naikwangua kwenye kikwaruzo cha karoti, naiweka kwenye sufuria ndogo pamoja na siagi, moto mdogo kabisa, nakoroga mpaka iyeyuke ikawa rojo la rangi ya kahawa. Kisha napitisha kwenye chujio la chai. Usiruke hatua hii. Mara ya kwanza niliona chini ya chujio nyuzi za miwa, vipunje vya mchanga na kitu kimoja chenye miguu. Acha rojo lipoe mpaka uweze kutia kidole bila kukitoa haraka, maana ukitia yai likiwa la moto utapata mayai ya kuvuruga.

Vipimo vyangu sasa, kwa trei ya mraba ya sentimita 23, ni hivi: siagi gramu 115, sukari guru gramu 150, na sukari ya kawaida gramu 50 ili isiwe nzito sana, yai moja na kiini kimoja cha ziada, kijiko cha chai cha vanila. Upande wa vikavu, unga wa ngano gramu 120, oti gramu 150, nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, robo ya chumvi, kijiko kimoja cha mdalasini na kungumanga kidogo ya kukwangua. Zabibu kavu gramu 120. Nimeandika gramu kwa makusudi. "Kikombe" kwenye kauntabuku ni kikombe cha kupimia cha Kimarekani, mililita 240 hivi. Kikombe chako cha chai ni kitu kingine na cha jirani yako ni kingine tena.

Soda usiizidishe kwa kudhani itaumuka zaidi. Ikizidi unaonja sabuni.

Zabibu kavu nanunua kwa wauza viungo, wale wanaozipima za pilau. Watu huniuliza kama ni za Dodoma. Za Dodoma ninazozijua mimi huliwa mbichi au huishia kwenye mvinyo. Hizi za kupimwa zinakuja na vikonyo na vumbi, kwa hiyo zioshe, kisha ziloweke dakika 15 kwenye chai ya rangi ya moto, uzichuje na kuzikausha kwa kitambaa. Zabibu isiyolowekwa inanyonya maji ya baa yako, halafu juu yake inaungua na kuwa chungu.

Changanya rojo na mayai na vanila, mwaga kwenye vikavu, geuza kwa mwiko mpaka unga usionekane tena, basi. Tia zabibu. Acha bakuli likae nusu saa ili oti zinywe. Mchanganyiko utakuwa mzito, unashika mwiko. Usiogope wala usiongeze maziwa.

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza. Ladha ilikuwa ya Temeke kabisa, lakini ikipoa baa ilikuwa ngumu kama kigae. Jibu la hili sikulipata kwa baba, nililipata kwa LUKU. Jumamosi moja ya Machi, trei ikiwa na dakika 18 tu ndani, uniti ziliisha. Nikanunua kwa simu, tokeni haikuja. Nikasubiri, nikapiga pasi ya maneno kwa mume wangu aliyesema atanunua jana yake, nikasubiri tena. Tokeni ilipofika zilikuwa zimepita dakika 40 na oveni ilikuwa vuguvugu. Nikatoa trei nikijua nimepoteza gramu 150 za oti za bei ya dhahabu. Kingo zilikuwa za kahawia, katikati pamebonyea kidogo na panaonekana pabichi. Nikaiacha mezani kwa hasira, nikaenda kufua.

Jioni nikaikata. Kisu kilipita kimyakimya, bila ule mlio wa kupasuka. Nikanyanyua kipande kwa ncha mbili, kikapinda.

Kauntabuku linasema dakika 30, na nadhani lile trei la Oysterbay lilikuwa kubwa na lenye kina. La kwangu nalitoa dakika ya 20, ya 22 ikizidi sana, katikati pakiwa bado panatikisika kidogo ukigusa. Joto la trei linamalizia kazi mezani, na sukari inajikaza yenyewe ikipoa. Ukingoja mpaka katikati pawe pakavu ndani ya oveni, umechelewa. Na usikate ikiwa ya moto, hata watoto wakilia.

Kwa wasio na oveni: nimejaribu kwenye jiko la mkaa na inakubali. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, trei ndogo juu ya mchanga, funika, palia mkaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, maana sukari guru inashika chini haraka kuliko keki ya kawaida. Mara ya kwanza chunguza dakika ya 15.

Likizo ya Juni baba alikuja kukaa nasi wiki mbili. Sikumwambia kitu. Nilioka usiku, asubuhi nikamwekea kipande kwenye sahani na chai ya maziwa. Macho yake sasa anayategemea kidogo, kwa hiyo alikitafuta kwa vidole, akakibonyeza, akakishika ncha hii na hii, akakikunja. Hakikuvunjika. Akakiweka chini kwanza, akavuta kiti karibu na meza, ndipo akala. Alitafuna muda mrefu.

"Pembe ziko wapi?" akauliza.

Wajukuu zake walikuwa wameshazimaliza jikoni. Akasema mdalasini umezidi kidogo, akasogeza sahani nimwongeze kingine.