Dhiraa Mia Tatu za Ukili

Mwaka 2014, miezi miwili kabla ya harusi yangu, kamati ilinikabidhi makisio ya matumizi. Kati ya ukumbi, pilau na mpiga picha, palikuwa na mstari uliosomeka "zawadi za wageni": glasi 240 zenye majina yetu, kila moja shilingi 4,500, jumla shilingi 1,080,000. Nilikuwa mwalimu mwenye mwaka mmoja kazini, na mahari yenyewe nilikuwa nimeimalizia kwa mkopo. Nilimwomba mwenyekiti wa kamati, ambaye ni baba yangu mdogo, aufute mstari ule. Alinijibu kwamba watu waliochanga hawawezi kuondoka mikono mitupu, na kwamba kama sikuwa na fedha, basi nitumie akili.

Akili hiyo sikuwa nayo mimi, alikuwa nayo shangazi yangu wa Makunduchi. Nilivuka na boti kutoka Dar es Salaam hadi Unguja siku ya Ijumaa, nikapanda gari namba 310 pale Darajani, na jioni nikamkuta barazani anasuka.

"Chei chei shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuposa tena?"

Nilimweleza habari ya glasi. Hakucheka wala hakunipa pole. Aliingia ndani akatoka na kipochi kidogo cha ukindu, kirefu kama kidole cha kati na chenye upana wa kukaa kiganjani, ambacho marehemu bibi alikuwa akiwekea ubani. Kilikuwa kimefifia rangi lakini hakikuwa kimeachia hata mshono mmoja. Alisema kwamba kipochi kama kile, kikitiwa karafuu kidogo na kufungwa mdomo kwa kamba ya ukindu, mgeni atakiweka kabatini katikati ya nguo zake, ilhali glasi itavunjika kabla ya fungate kwisha.

Hesabu ndiyo iliyotukalisha usiku ule. Ukindu husukwa kwanza kuwa ukili, yaani utepe mrefu unaopimwa kwa dhiraa (toka kiwiko hadi ncha ya kidole), kisha ukili hushonwa. Kipochi kimoja hutaka dhiraa mbili za ukili mwembamba wa chane saba, yaani vipande saba vya jani lililopasuliwa, kwa hiyo vipochi 240 vilihitaji dhiraa 480, na shangazi pamoja na jirani zake watatu wasingeweza kuzimaliza kwa muda uliobaki bila kuacha kazi zao za mwani. Ni yeye aliyeuliza kadi zenyewe ni ngapi. Kadi zilikuwa 150, kwa kuwa 90 kati yake zilikuwa za watu wawili wawili. "Basi kipochi kwa kadi," alisema, "mume na mke wana kabati moja." Nilimwona kama waziri wa fedha. Niliposema kwamba jirani wale nitawashukuru kwa khanga siku ya harusi, alinikatiza: kila anayesuka alipwe shilingi 1,000 kwa ukili wa kipochi kimoja, na alipwe kabla sijapanda gari.

Nilikaa siku tatu, na kwa siku hizo tatu nilifanya kazi ambayo upande ule hufanywa na wanawake. Ukindu hukatwa ungali mchanga, lile kuti la katikati ya mkindu ambalo halijafunguka, kisha huanikwa juani hadi ugeuke mweupe. Tuliununua ukiwa umeshakauka. Kazi yangu ilikuwa kuuchana. Ukucha wa kidole gumba hupenya kwenye jani na kulipasua kwa urefu, na chane zote zinapaswa kulingana upana, kwa sababu chane moja nene huupinda ukili wote. Zangu za siku ya kwanza shangazi alizikusanya kimya kimya akazipeleka jikoni kuwashia moto. Kufikia Jumapili zilikuwa zinafaa, ingawa watoto wa mtaani walikuwa wameshatunga msemo wa "bwana harusi mchana ukindu" na kunisindikiza nao hadi msikitini.

Nusu ya chane zile shangazi alizichemsha kwenye sufuria ya rangi ya zambarau, akizigeuza kwa mti, kisha akazisuza mara nyingi hadi maji yakatoka safi. Nyingine aliziacha na weupe wake. Wakati wa kusuka zilinyunyiziwa maji ili zisikatike, jambo ambalo nililiona bila kulitia maanani.

Baada ya wiki tatu nilirudi kuchukua mzigo. Ukili ulikuwa umekunjwa kwa duara kama mikanda, na shangazi alinipa vitu viwili zaidi: shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea ukili, aliyoichonga mwenyewe kutokana na waya wa mwavuli uliovunjika, pamoja na onyo kwamba nisiufunge ukili katika nailoni. Shazia niliifunga kwenye leso. Onyo nililiacha bandarini Malindi, mjini Unguja, kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zimechachamaa na mfuko wa nailoni ndio uliokuwa karibu. Karafuu nilizinunua Kariakoo, kilo moja na nusu, kwa kuwa biashara ya karafuu za visiwani iko mikononi mwa shirika la serikali na sikutaka kusimama forodhani nikieleza habari za harusi yangu.

Mfuko ule ulikaa chini ya kitanda changu Magomeni siku tisa. Nilipoufungua ili dada zangu waanze kushona, ulitoka na harufu ya ghala lililovuja. Mikunjo ya ndani ilikuwa imeota ukungu, na madoa meusi yalikuwa yameingia katikati ya chane nyeupe. Tulianika, tukasugua kwa kitambaa chenye ndimu, tukaanika tena. Ukungu ulitoka, madoa hayakutoka. Dhiraa 46 zilipotea, yaani vipochi 23. Nilimpigia shangazi simu nikiwa nimetayarisha maneno ya kuilaumu mvua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Uliutia kwenye nailoni?"

Aliusuka upya yeye peke yake, usiku, na akakataa malipo kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Alifika nao siku mbili kabla ya harusi, umefungwa ndani ya kanga kuukuu. Tulishona hadi alfajiri ya siku yenyewe. Gharama zote, ukiondoa nauli, zilifika shilingi 265,000: ukindu 45,000, rangi 9,000, wasukaji 150,000, karafuu 33,000, na 28,000 kwa uzi, karatasi ya kaki na muhuri wa majina yetu. Ilikuwa chini kidogo ya robo ya bei ya glasi, na baba mdogo aliisoma hesabu hiyo kwenye kamati kana kwamba ni yeye aliyechana.

Mlangoni, watoto wa dada yangu waligawa kwa kufuata kanuni: kadi moja, kipochi kimoja. Mama mmoja wa makamo alikinusa, akakifungua, akatoa punje moja ya karafuu akaitia kwenye jino, kisha akaniambia kwamba kadi yake ilikuwa ya wawili na mumewe hakuja, kwa hiyo kile cha mumewe kiko wapi? Alipewa kimoja tu kama wenzake. Vipochi 149 viliisha kabla ukumbi haujafungwa. Cha 150 hatukuwahi kukimaliza.

Asubuhi iliyofuata shangazi alikuja kudai shazia yake. Niliitafuta katika makochi, chini ya mikeka, hata kwenye sufuria za pilau, hadi nilipoikuta imechomekwa katika kile kipochi cha mwisho, kilichoshonwa nusu. Hapo ndipo nilipomuuliza chake kiko wapi. Aliniambia kwamba usiku kucha alikuwa uani na wapishi, na wapishi hawapewi kadi.

Alikaa kizingitini, akauma uzi, akakimalizia. Karafuu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo alitia humo shazia, akavuta kamba, akakifutika kwenye kanga yake.