Regulata ya Mjomba: Kusi Mezani, Kaskazi Majini

Mei 19

Kusi limeshaanza kupiga, safari za kuzamia kisiwani Mnemba, Zanzibar, zimepungua, na meza ya uani sasa ni yangu. Nimetandaza khanga kuukuu, juu yake nimeweka regulata ya mjomba, kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi: Scubapro Mk5, ndiyo sehemu inayofungwa mtungini, na sehemu yake ya mdomoni aina ya 109, ile ya shaba iliyopakwa kromu. Mk5 zilianza kuuzwa mwaka 1970. Hii mjomba aliinunua mwaka 1983 kwa mhandisi wa Kitaliano aliyekuwa anarudi kwao, akazamia nayo mpaka masikio yalipomkataza. Tangu hapo imelala ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishwa kitambaa.

Fundi mmoja wa mjini aliitazama nusu dakika akasema ni chuma chakavu. Mimi nafungua regulata za kazini mwaka wa 11 huu, na nilipoichungulia niliona chumvi, kutu ya kijani na mipira iliyokufa. Vyote vitatu vina dawa.

Mei 23

Nimeifungua. Imenichukua asubuhi nzima, na sikuwa na haraka.

Kwa asiyeijua: chumba cha springi cha Mk5 kina matundu, na maji ya bahari huingia humo kwa makusudi. Kila ukishuka mita 10, maji yanaongeza baa 1 ya shinikizo juu ya springi, pistoni inaachia hewa yenye nguvu zaidi, na mapafu yako hayahisi tofauti. Pistoni ina tundu katikati, hewa inapita ndani yake moja kwa moja. Kitu kinachotembea humo ni kimoja tu. Ukikishika mkononi unaelewa kazi yake bila kuambiwa, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mapenzi yangu kwa mashine hii.

Bei ya chumba hicho wazi ni chumvi. Ilikuwa imeganda katikati ya mizunguko ya springi kama mawe madogo. Nilichanganya siki na maji nusu kwa nusu, nikaviloweka vyuma dakika 10, nikasugua kwa mswaki na kusuuza kwa maji ya mvua. Kibano cha kufungia mtungi nilikitoa mapema, kwa sababu kromu yake imebanduka pembeni na siki hula shaba pale ilipo uchi.

Oringi ya shinikizo kubwa, yaani pete ya mpira ya kuzibia, ile inayokumbatia shina la pistoni, imejificha ndani kabisa. Ukiichokoa kwa sindano ya chuma ukakwaruza kuta zake, umemaliza kila kitu. Nimechonga kijiti cha mwanzi, nikaitoa nacho polepole. Ilikatika vipande vitatu, ngumu kama kokwa ya ubuyu.

Ukingo wa pistoni, ndio unaoziba hewa, nimeutazama kwa lenzi. Hauna pengo hata moja. Nilishangilia peke yangu uani, paka akakimbia.

Kipande cha mpira cha kung'ata kimepasuka, lazima kibadilishwe. Lakini alama za meno ya mjomba zimo, kushoto zimezama kuliko kulia. Nimekirudisha kwenye kopo.

Juni 30

Vipuri bado.

Julai 12

Jioni tulikaa barazani wazamiaji wanne, nikauliza kila mmoja kitu chake cha zamani kinachofanya kazi mpaka leo. Hakuna aliyefikiri mara mbili. Mmoja ana mapezi ya Jet Fin, yale ya mpira mweusi mzito ambayo yamekuwa yakitengenezwa tangu miaka ya 1960 na umbo lake ni lilelile. Mikanda ya mpira ameshaitupa, ameweka ya springi. Anasema mkondo ukikaza, mapezi ya plastiki yanapinda, yake hayapindi. Mwingine ana kisu, mwingine mkanda wa uzito wa risasi wa kuzamia alioachiwa na kaka yake. Tukazungumza pia juu ya wale wa Marekani na Ulaya wanaoendelea kuzamia na regulata za mabomba mawili ya mpira, ukoo wa kifaa walichokibuni Wafaransa Cousteau na Gagnan mwaka 1943. Mapovu yake hutokea nyuma ya shingo, hayamtishi samaki aliye mbele ya kamera.

Nikawaambia pia ninachokiamini: si kila cha zamani kinastahili mapenzi. Mitungi mingi ya alumini iliyotengenezwa Marekani kabla ya 1988 ilitumia aloi 6351, na shingo za mitungi hiyo zinaweza kupata nyufa ambazo macho hayazioni. Mtungi wa mjomba ulikuwa wa aina hiyo. Nimeukata kwa msumeno mwenyewe, ili asije mtu akaujaza siku sipo.

Mmoja akauliza: ukishabadilisha oringi zote, siti ambayo pistoni huikalia kuziba hewa, kiwambo, yaani utando wa mpira wa sehemu ya mdomoni, na mipira, bado ni regulata ya mjomba? Nikamwonyesha mashua ya jirani iliyoegeshwa ufukweni. Mbao zake nyingi zimebadilishwa, kila mwaka inapigwa kalafati upya na kupakwa shahamu, na hakuna mtu pwani hii anayeiita kwa jina jingine.

Agosti 4

Vipuri vimefika! Nimeunganisha usiku. Nilipofungua hewa, geji ya shinikizo ilisimama baa 9.5, halafu ikaanza kupanda taratibu mpaka ikapita 11. Maana yake siti inavujisha. Nikaifungua tena, nikakuta uzi mmoja wa khanga umelala juu ya siti, mwembamba kuliko unywele. Khanga imeondoka mezani, sasa natandika karatasi safi.

Agosti 5

Baa 9.4. Dakika 10, haijasogea. Nikajaribu na mtungi wenye baa 50 badala ya 200: bado 9.4. Ndiyo faida ya pistoni iliyosawazishwa, mtungi ukikaribia kwisha pumzi haiwi nzito.

Sehemu ya mdomoni niliipima kwa beseni. Unaizamisha polepole, tundu la mdomo likiwa juu, na unatazama maji yamepanda kiasi gani juu ya kiwambo hewa inapoanza kutoka. Yangu ilianza kwenye sentimita 3 hivi. Kuna regulata mpya kazini hazifiki hapo.

Desemba 14

Kaskazi, maji mafu, bahari imetulia. Tumekwenda kwenye mabaki ya Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyozama karibu na Mji Mkongwe mwaka 1902. Kina ni kama mita 12, panafaa kwa majaribio. Nilibeba mtungi mdogo wa akiba wenye regulata yake. Mapenzi ni mapenzi, lakini hewa ni hewa.

Dakika 41 chini. Hewa ilikuja laini, kavu kidogo, na ule mlio wa shaba ambao za plastiki hazina: mkoromo mfupi mwanzoni mwa kila pumzi. Nilikaa pembeni ya bamba lililoota matumbawe, nikasikiliza tu.

Mjomba alikuwa botini. Nilipopanda alinyoosha mkono kabla sijavua mapezi. Akaitia mdomoni, akavuta pumzi mbili, akafumba macho.

"Hii skrubu ya pembeni umeikaza mno. Irudishe nusu mzunguko."

"Ndiyo, mjomba."

Nikairudisha. Akavuta tena, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaniuliza geji yake ya kina iko wapi.

Desemba 15

Nimeiona. Ilikuwa chini kabisa ya kopo lilelile, chini ya kitambaa. Kioo kizima, mafuta yamevuja, mshale umekwama kwenye mita 6.