Kutoka Lubumbashi hadi Njia Panda ya Shinkolobwe

Barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi, kusini mwa Kongo, ina urefu wa kilomita kama 120, na muda wote mnapishana na malori ya shaba na kobalti. Kulia na kushoto ni miombo, na vichuguu vinavyompita mtu kwa kimo. Nilimwambia mzee niliyeketi naye kwenye basi kwamba nakwenda kutafuta palipotoka urani ya bomu la Hiroshima. Akanitazama kwa makini, kisha akasema: “Tata yangu alitumika kule. Hakuna mutu alimuambia ile majiwe ilikuwa inaenda wapi.”

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Darasani hadithi hii huanzia Berlin, Desemba 1938, pale Otto Hahn na Fritz Strassmann walipoipiga urani kwa nyutroni wakakuta bariamu, na Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch wakaeleza kwamba kiini cha atomu kimepasuka. Kisha tunahamia Chicago, 2 Desemba 1942, Enrico Fermi alipofanikisha mpasuko unaojiendeleza wenyewe. Katanga, eneo hili la Kongo, haitajwi. Na ilhali barua ya Einstein kwa Rais Roosevelt, ya 2 Agosti 1939, inasema wazi kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji.

Tuliposhuka Likasi, mji ambao wakoloni waliuita Jadotville, mzee alikataa niende peke yangu. Tukapanda pikipiki mbili kuelekea magharibi.

Mawe ya Shinkolobwe, mgodi wa urani tuliokuwa tunauendea, yaligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ikaanza kuyachimba mwaka 1921. Haikutaka urani wakati huo. Ilitaka radiamu, metali yenye mnururisho, iliyouzwa kwa bei ya ajabu kwa ajili ya tiba, na mawe yalisafirishwa hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Urani ilikuwa mabaki tu, rangi ya kupakia vyungu na vioo. Lakini mawe hayo hayakuwa na mfano duniani: mengine yalikuwa na oksidi ya urani zaidi ya asilimia 60, wakati migodi ya Marekani na Kanada ilihangaika na mawe yasiyofika hata asilimia moja.

Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alionywa na wanasayansi mwaka 1939 kwamba mali yake inaweza kugeuka silaha. Mwaka 1940 akasafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York, zikahifadhiwa kwenye ghala huko Staten Island. Septemba 1942 Luteni Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimfuata ofisini, na kwa kikao kifupi tu wakakubaliana auze shehena yote. Baadaye wahandisi wa jeshi wakaja Katanga kusaidia kuufungua upya mgodi, ambao ulikuwa umesimama na mashimo yake yamejaa maji. Karibu theluthi mbili ya urani ya mradi wa bomu ilitoka Kongo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sengier alipewa nishani ya Marekani mwaka 1946, na madini moja ya Katanga yanaitwa kwa jina lake. Waliochambua mawe kwa mikono na kuyatia kwenye magunia walikuwa watu wa Katanga, na majina yao sikuyaona popote, si kwenye vitabu wala kwenye ubao wowote Likasi. Tena madhara ya radiamu kwa mwili yalikuwa yameshajulikana tangu miaka ya 1920, wasichana waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa huko Marekani walipougua na kufa. Wakubwa wa migodi ya radiamu hawakuwa na haki ya kusema hawakujua.

Mzee alisema baba yake alirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo, na mama ndiye aliyezifua.

Mgodini hatukuingia. Ni eneo lililokatazwa: mashimo yalizibwa kwa zege karibu na uhuru wa 1960, wachimbaji wadogo wakarudi baadaye kutafuta kobalti, serikali ikapiga marufuku Januari 2004, na Julai mwaka huo huo handaki likaporomoka na kuua watu. Tulisimama kwenye njia panda. Mzee akaninyoshea kidole upande ulikokuwa mtaa wa wafanyakazi, akataja familia zilizoishi huko, moja baada ya nyingine, nami nikaandika kila jina kwenye daftari kama alivyolitamka.

Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, nikirudi, foleni ya malori ilikuwa ndefu. Madereva wengi walikuwa Watanzania, mzigo wao unakwenda bandari ya Dar es Salaam. Niliwasimulia nilikotoka. Kijana mmoja, ambaye hupita Likasi kila mara, akatoa simu na kutaka nimwoneshe kwenye ramani njia hiyo inakatia wapi. Nikamwonesha.